Kabla Hujaweka Cheti Mtandaoni

Wadogo zangu mlioanza kazi karibuni, kila yanapomalizika mafunzo ya mtandaoni ninaona yale yale: cheti kinawekwa kwenye wasifu jioni hiyo hiyo, pongezi zinamiminika kwenye kundi, na Jumatatu mwenye cheti anarudi kunakili takwimu kwa mkono, mstari baada ya mstari. Ninawapenda, lakini uvumilivu wangu una kikomo, kwa hiyo someni haya.

1. Ingia kwenye kipindi ukiwa umefungua faili lako mwenyewe. Hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo nilipoumbuka. Tulifundishwa VLOOKUP, fomula ya Excel inayotafuta jina kwenye safu ya kwanza ya orodha na kuleta kilicho kwenye mstari huo huo, kwa orodha ya mkufunzi, safi na iliyokwisha kupangwa kwa alfabeti. Sehemu ya nne ya fomula niliiacha, majibu yakatoka sahihi, nikaandika kwenye gumzo kwamba nimeelewa. Kumbe sehemu hiyo ikiachwa, Excel huridhika na jibu la kukaribiana, na hutafuta kana kwamba safu ya kwanza imepangwa kuanzia A kwenda Z, au namba ndogo kwenda kubwa. Orodha yetu ya bidhaa ilikuwa shaghalabaghala. Fomula haikulalamika hata kidogo. Ilichukua bei ya kitu kimoja ikaipachika kwenye jina la kingine, nami nikaituma ripoti kwa msimamizi huku kifua kimenijaa. Aliyegundua ni mhasibu, ambaye aliuliza kwa upole, kikao kizima kikisikia, tangu lini karatasi zikauzwa kwa bei ya mashine ya kuzichapia. Ningeandika FALSE kwenye sehemu hiyo ya nne, yaani nataka jibu linalolingana kabisa, yangekwisha. Zaidi ya hapo, ningeijaribu fomula kwenye faili letu chafu mkufunzi akiwa bado hewani, ningemuuliza swali ambalo wengi wenu mnaona haya kuliuliza: mbona kwangu inatoa jibu jingine?

2. Msiitegemee rekodi ya kipindi. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu hufanya kazi yake kubwa katika saa za mwanzo kabisa. Rudia zoezi siku hiyo hiyo bila kutazama, kisha ndipo ufungue rekodi ujisahihishe.

3. Mkigawanywa kwenye vyumba vidogo, mmoja awashe maiki na kuonyesha skrini yake mara moja. Nimewahi kupita chumba kimoja baada ya kingine nikakuta kamera zimezimwa zote na watu wazima wakingojeana kama wachumba.

4. Zungumza na msimamizi wako kabla ya mafunzo, si baada yake. Timothy Baldwin na Kevin Ford, walipopitia mwaka 1988 tafiti za namna mafunzo yanavyofika kutumika kazini, waliyataja mazingira ya kazi, msaada wa msimamizi ukiwamo, pamoja na sifa za mwanafunzi na muundo wa mafunzo, kuwa mambo yanayochangia hilo. Mwombe akupe ripoti moja ya kweli, yenye tarehe ya kukabidhi, na umwombe vilevile asiipokee ukimletea iliyofanywa kwa njia ya zamani.