Jibu: Binti wa jiolojia aulizie nini maabara?

Shikamoo mama. Umeuliza binti yako, aliyechaguliwa kusoma jiolojia, akague nini kwenye maabara za chuo kabla hajathibitisha nafasi.

Mimi ningeanza na karakana ya kukatia mawe. Wengi huulizia mashine kubwa tu, na hapo ndipo wanapokosea. Karakanani jiwe hukatwa kwa msumeno wa almasi, hubandikwa juu ya kioo, kisha husagwa mpaka unene wake ubaki milimita 0.03. Likiwa jembamba hivyo, madini mengi hupitisha mwanga. Kwatzi na feldispa, ambazo kwa macho matupu huweza kufanana kabisa, chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga hutengana: feldispa nyingi huonyesha mistari myeusi na myeupe, kwatzi haina. Basi aulize, fundi wa kuandaa vipande hivyo yupo? Na hadubini ni ngapi kwa darasa? Wanafunzi kumi wakigombea moja, wanachungulia tu, hawasomi.

Mashine ya eksirei ya kutambua madini ni nzuri, hasa kwa udongo wa mfinyanzi, ila aulize kama wa shahada ya kwanza wanaruhusiwa kuigusa.

Asisahau safari za nyanjani. Nyie mlioko Tanga mna bahati: mapango ya Amboni yamo ndani ya mwamba wa chokaa wa enzi ya Jurasiki, yaani zama za dinosaria. Aende akayaone mapema, ila asivunje kitu mle.