FOLFOX, CAPOX au FOLFIRI: kuchagua dawa za kwanza kansa ya utumbo mpana ikishasambaa

Hizi ni michanganyiko mitatu ya dawa za kansa: FOLFOX ni fluorouracil, leucovorin na oxaliplatin; FOLFIRI huweka irinotecan mahali pa oxaliplatin; CAPOX ni oxaliplatin na vidonge vya capecitabine. Ndugu wa mgonjwa huuliza kwanza: ipi ina nguvu zaidi? Utafiti wa Ufaransa uliotolewa 2004 ulilinganisha walioanza na FOLFIRI na walioanza na FOLFOX, kila kundi likihamia nyingine ugonjwa ulipoendelea. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 21.5 na 20.6, karibu sawa. Kwa hiyo jiulizeni madhara yapi mgonjwa wenu anaweza kuyabeba, na tiba ipi ataifuata bila kukosa zamu.

FOLFOX hurudiwa kila siku 14, na fluorouracil hupita kwenye mshipa kwa saa 46. Inahitaji pampu na chemba (kifaa kidogo cha kupitishia dawa mshipani) chini ya ngozi ya kifua. Umeme wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, unavyokatika, ombeni pampu ya mpira inayojisukuma yenyewe.

Anayetoka nje ya mji, kama Kalehe au Walungu, mara nyingi ataiweza zaidi CAPOX: oxaliplatin siku moja, kisha vidonge vya capecitabine asubuhi na jioni kwa siku 14, ndani ya dakika 30 baada ya kula, halafu mapumziko ya siku 7. Figo zipimwe kwanza. Hatari yake ni kwamba mgonjwa anaharisha nyumbani na bado anameza. Akienda choo mara 4 zaidi ya kawaida yake kwa siku, aache vidonge, ampigie daktari siku hiyohiyo.

Oxaliplatin, iliyomo katika FOLFOX na CAPOX, haipatani na baridi: huleta ganzi. Maji ya asubuhi yapashwe moto, hata ya kunawa. Ganzi isiyoisha kabla ya zamu inayofuata, vifungo vya shati vikimshinda, iambiwe daktari: oxaliplatin husimamishwa, dawa nyingine zikaendelea. Na mkitumwa farmasi, mlete serumu ya sukari ya 5%. Ile ya chumvi huiharibu dawa hii.

FOLFIRI huziacha neva salama, lakini huleta kuhara na kung'oa nywele.  Loperamide, dawa ya kuzuia kuhara, iwe nyumbani mapema: mg 4 kuhara kukianza, kisha mg 2 kila saa 2 mpaka saa 12 zipite bila kuhara, isizidi saa 48. Homa ya 38 ni hospitali mara moja, kwa tiba yoyote kati ya hizi.

Msiuze shamba kununua cetuximab, dawa ya ziada ya kansa hii, kabla ya kipimo cha jeni ya RAS ya uvimbe. Jeni hiyo ikiwa imebadilika, dawa haisaidii. Ombeni na kipimo cha MSI (alama kwamba seli za uvimbe hazirekebishi vizuri makosa ya DNA), maana wachache wenye MSI ya juu hufaidika zaidi wakianza na pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili. Vipimo hivi hufanywa kwenye kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa katika parafini, na kinaweza kusafirishwa hadi maabara ya mbali. Mwambieni mpasuaji akitunze.