Breki zikilia, sikiliza kabla ya kununua plaketi

Hapa Goma gari likianza kulia kwenye breki, wengi hukimbilia mtaa wa Birere kutafuta plaketi mpya, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame. Mimi nasema usitoe pesa kwanza. Sikiliza kelele inakuja wakati gani.

Ikilia asubuhi tu baada ya usiku wa mvua, kisha ikanyamaza ukishakanyaga breki mara chache, achana nayo. Ni kutu nyembamba ya unyevu juu ya diski, na plaketi zenyewe huikwangua.

Ikikwaruza hata hujagusa pedali, kwetu mimi hushuku jiwe. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na mitaa mingi isiyo na lami imejaa vijiwe vya volkano. Kijiwe kimoja kikinasa kati ya diski na bati linaloikinga kwa nyuma, utadhani gurudumu linakatika. Rudisha gari nyuma polepole, mara nyingi kitadondoka. Kisipotoka, fundi avue gurudumu, alisogeze bati kwa bisibisi. Hakuna cha kununua hapo! Na fundi anayekutajia bei ya diski kabla hajavua gurudumu, mimi humuaga.

Mlio mwembamba unaorudi kila ukikanyaga ni habari nyingine. Plaketi nyingi zimewekewa kibati kinachogusa diski zikikaribia kuisha, makusudi ili usikie. Plaketi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi, bila kuhesabu chuma chake cha nyuma. Ikibaki 3, badilisha. Ukingoja mpaka chuma kisage chuma, utalipia na diski.

Kuna plaketi zinazolia tangu siku zinapofungwa. Nyingine ni za bei ya chini, ngumu mno. Ila mara nyingi nimekuta ni ufungaji: pini za kalipa, yaani kibanio kinachoshika plaketi, hazikusafishwa, au zimepakwa grisi ya kawaida inayoyeyuka kwa joto. Dai grisi ya breki, ipakwe kwenye pini na mgongoni mwa plaketi, isiguse kabisa upande unaosugua.

Dramu za nyuma, zile breki za ngoma zinazotumia viatu badala ya plaketi, hukusanya vumbi, nazo zifunguliwe zisafishwe. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kompresa, maana baadhi ya plaketi na viatu vya breki, hasa vya zamani, vina asbesto, nayo huharibu mapafu. Kitambaa kilicholoa maji kinatosha.