Jibu: Spraiti ya boda 32x32, usizungushe kivuli ukingoni

Wacha kwanza. Kabla ufungue hiyo faili tena, wacha. Umeandika hapa kwamba spraiti yako, yaani kale kapicha ka mhusika wa gemu, mtu wa boda wa pikseli 32 kwa 32 (vile viboksi vidogo vya rangi), anaonekana bapa, hana mwili, na mpango wako wa leo usiku ni kuweka shedi nyeusi, yaani rangi ya kivuli, kuzunguka outlaini yote, ule mstari wa nje, halafu uende ukiingiza rangi nyepesi kidogo kidogo mpaka katikati, kisha uanze fremu za kutembea, zile picha moja moja za mwendo. Omera, usifanye hivyo. Hizo fremu zote utakuja kuzifuta.

Hiyo njia naijua vizuri sana, wanaiita pilo-shedingi. Unachukua umbo, unalizungushia giza pembeni, katikati unaweka mwangaza, na macho yanakwambia limeshaanza kuwa na mwili kwa sababu tu umeongeza rangi. Sasa jiulize mwanga umetoka wapi. Kifua kina taa yake, goti lina taa yake, kiatu kina taa yake, na hakuna kimoja kinajua mwenzake yuko wapi. Na ukipanga zile shedi mistari mistari inayofuata outlaini, unapata bandingi, yaani ngazi za rangi zinazolala sambamba, jicho linaanza kuona vile viboksi vya pikseli badala ya kuona mtu.

Mimi nilichorea mteja mmoja wa Nakuru watu wa gemu yake ya soko, mama samaki, konda, soja wa geti, watoto wa shule, kila mmoja pande nne na fremu zake za kutembea, na zote nilizifanya kwa mtindo huo. Mteja akafungua faili akaniuliza mbona watu wote wanakaa wameumwa na nyuki usoni. Balansi sikuiona. Na kitu kiliniuma zaidi ya pesa ni kwamba hauwezi kurekebisha hiyo kitu kwa kubadilisha rangi, nilijaribu, nikapunguza giza, nikabadilisha paleti yote, yaani seti nzima ya rangi, wapi. Shida si rangi gani, shida ni pikseli ya giza imekaa mahali mwanga ndio ungefaa kuwa, kwa hivyo lazima urudi fremu moja baada ya nyingine na mkono. Wiki za kazi zimeenda hivyo.

Na mwenye kunifunza hivyo alikuwa jamaa wa chaneli ya video ambaye nilimlipa kozi yake kabisa, pesa yangu ya jasho. "Pembeni giza, katikati mwanga, basi." Hiyo ndio ilikuwa elimu yote. Nilipomwandikia kwamba watu wangu wamefura alinijibu niongeze shedi. Niongeze! Kichwa cha pikseli kumi upana, shedi saba zitakaa wapi? Na bado anauza, na bado vijana wanalipa, ndio maana nikiona mtu hapa anasema "nitazungushia kivuli" siwezi kunyamaza.

Shedi nyingi hazihitajiki. Game Boy ya 1989, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ilikuwa na skrini ya 160 kwa 144 na shedi nne pekee, na watu walichora wahusika unaowatambua mpaka leo. Kwa NES, mashine yao ya kuchezea kwa TV, spraiti moja ilikuwa na rangi tatu na ile isiyoonekana inayoacha nyuma kuonekana, imeisha. Mario mwenyewe alipotoka 1981 alipewa kofia ili Miyamoto, aliyembuni, asihangaike na nywele, na masharubu ili pua ionekane bila kuchora mdomo. Hao watu walikuwa wanafikiria umbo, si idadi ya rangi.

Kwa hivyo sheria ni moja na naomba uishike: amua mwanga unatoka wapi kabla ya kugusa rangi ya pili, na kila kivuli kifuate huo mwanga, kisifuate ukingo.

Chukua helmeti yako. Sema mwanga unatoka juu kushoto. Jaza helmeti yote rangi ya kati. Sasa giza liweke chini kulia pekee, likiwa nene hapo chini, pikseli mbili hivi, halafu likonde likipanda upande wa kulia mpaka lipotee. Upande wa kushoto usiguse. Mwangaza ni pikseli mbili tatu zilizoshikana juu kushoto, na zisiguse outlaini. Kisha, na hii ndio wengi wanasahau, weka laini moja ya pikseli ya giza kwa paji la uso, chini tu ya ukingo wa helmeti. Hiyo laini moja ndio itafanya helmeti ikae imevaliwa, bila hiyo inakaa imebandikwa. Ukifika kwa riflekta, ile fulana ya boda inayong'aa, kifua kinaangalia mbele kwa hivyo kiache rangi ya kati, mabega yanaangalia juu yapate mwangaza, ubavu wa kulia upate giza, na chini ya mkono pia.

Kama hauamini enda soko la Kibuye Jumapili saa saba mchana usimame uangalie watu. Hapa Kisumu tuko ikweta karibu kabisa, jua liko utosini. Angalia mama amebeba beseni: mdomo wa beseni unang'aa, uso wake wote uko kivulini kwa sababu beseni limeuzibia jua, halafu mabega yanang'aa tena. Hakuna mtu hata mmoja utampata ana giza kila upande na mwangaza katikati ya uso.

Hiyo ya jua la utosini pia inakuokoa kwa gemu. Ukichora mwanga wa kushoto halafu programu igeuze spraiti ili mtu aangalie upande wa pili, mwanga nao unahamia kulia, na mchezaji ataona kuna kitu hakiko sawa. Mwanga wa juu moja kwa moja unageuzwa bila shida. Kwa gemu yako ya boda, na hizo pande zote unataka, mimi ningechagua juu kabisa; ile ya juu kushoto ilikuwa mfano tu.

Rangi za kivuli usizipate kwa kuongeza nyeusi. Riflekta ya njano kivuli chake kisogee kwa kijani chafu, ya machungwa isogee kwa nyekundu ya kahawia. Ngozi yetu kivuli kiende kwa zambarau kidogo na mwangaza uende kwa machungwa, ukiweka kijivu au weupe juu ya ngozi nyeusi mtu anakaa amepakwa majivu. Shedi tatu kwa kila kitu zinatosha.

Halafu geuza nakala iwe nyeusi na nyeupe, irudishe saizi yake halisi, uangalie ukiwa mbali na skrini. Kama bado unajua mwanga uko upande gani, endelea. Kama haujui, rudi kwa helmeti. Fanya helmeti pekee leo, ipost hapa tuione kabla ushuke mabegani.