Maswali kwa Babu: Shira ya mepo yaota ukungu

*Shikamoo Babu. Machi iliyopita nilitoboa mti wa mepo (maple) ulio uani kwetu, nikakinga lita 20 za maji yake na kuyachemsha jioni nzima. Nikapata shira karibu lita moja, nyepesi kama chai, na wiki ya tatu ikaota ukungu kabatini. Mwakani nataka nitoboe matundu matano ili nipate zaidi. Nakosea wapi?*
— Msomaji, Lewiston, Maine

Marahaba, mwanangu. Kosa lako ni kupata nyingi mno. Lita 40 za maji ya mepo hutoa shira lita moja tu, kwa hiyo zako 20 zilitakiwa zishuke hadi nusu lita. Ulizima moto safari haijaisha, ndiyo maana ikaota ukungu.

Nimekulia Pangani, ami yangu akigema minazi, na tembo jipya ukilionja unajua kabisa lina sukari. Haya ya mepo nilipoyaonja mara ya kwanza hapa Vermont nilidhani ni theluji iliyoyeyuka. Sukari yake ni kama asilimia 2.

Nunua kipimajoto. Chemsha kwanza maji ya bomba uone yanatokota nyuzi ngapi, kisha shira uifikishe nyuzi 4 za Selsiasi juu ya hapo, yaani kama 104. Au chovya mwiko uuinue: matone yakiacha kudondoka moja moja, yakaungana ukingoni kama pazia, ipua. Dakika hizo usipokee simu. Mimi nilipokea, na sufuria ya mama watoto ina duara jeusi hadi leo. Chuja kwa kitambaa kizito, kuna mchangamchanga unaojitenga, na utie chupani ingali ya moto. Ukishafungua, weka friji.

Chemshia nje. Mwaka wangu wa kwanza nilichemshia jikoni, kuta zikanata hadi Pasaka.

Matundu matano, hapana! Mti wenye kipenyo cha sentimita 30 tundu moja, ukizidi 45 mawili. Wingi wa maji unategemea zaidi hali ya hewa: usiku barafu, mchana jua. Machipukizi yakianza kufumuka ng'oa mrija, maana ladha huharibika. Tundu liache wazi, mti utaliziba wenyewe.

Na hiyo nusu lita usiimalizie kwenye mkate. Kaanga kaimati.