Chupa moja ya chai, kikombe kimoja

Februari mwaka jana tuliwaacha watoto kwa wifi yangu, mimi na mume wangu tukapanda treni ya usiku kutoka Stockholm kwenda Abisko, kijiji kidogo kaskazini kabisa mwa Uswidi, kando ya ziwa Torneträsk. Tangu tuhamie huku ilikuwa safari yetu ya kwanza ya wawili tu.

Watu huenda Abisko kutazama mwanga wa kaskazini, ile kijani inayocheza angani usiku. Milima iliyo upande wa magharibi huzuia mawingu mengi yanayotoka baharini, kwa hiyo anga lake huwa jeupe kuliko la majirani. Sisi tulikuta mawingu. Usiku wa kwanza tulisimama nje saa tatu nzima shingo juu. Nilivaa soksi za pamba. Zilishika jasho la kutembea, halafu jasho likapoa. Vidole vilipokufa ganzi nikamjibu mume wangu vibaya kwa jambo la bure, naye akanyamaza. Tukalala tumepeana migongo.

Kwa hiyo wenzangu mnaopanga safari ya baridi na wapenzi wenu, anzeni na miguu. Soksi za sufu, suruali ya ndani ya sufu, kisha kitu cha kuzuia upepo juu yake. Mtu aliyeganda hana neno tamu la kumwambia mwenzake, hata awe anampenda vipi.

Siku ya pili tulinunua soksi na hatukupanga chochote. Iacheni siku moja namna hiyo, nawasihi. Tulitoka kutembea juu ya ziwa lililoganda, nyuzi 22 chini ya sifuri. Baridi ikifika hapo theluji hulia chini ya kiatu, mlio uleule wa unga wa muhogo ukiufinya kiganjani. Tukisimama, kimya. Tukienda, inalia. Bila kuambiana tukaanza kupiga hatua pamoja ili ulie mlio mmoja.

Katikati ya ziwa nikamgeukia. Pumzi yake ilikuwa imeganda kwenye masharubu, na nyusi zake nyeupe pe. Nikamwona babu. Nilimwona jinsi atakavyokuwa Mungu akitujalia, nikashindwa kusema. Akaniuliza, "Vipi, mama?" Nikavua glavu nikampangusa, kisha nikautia mkono wangu kwenye mfuko wa koti lake, ukabaki humo mpaka tuliporudi.

Chai tulibeba ya tangawizi na iliki kwenye chupa moja, na kikombe kimoja kwa makusudi. Mkiwa na kikombe kimoja, mmoja hunywa na mwingine hungoja, basi mnatazamana. Nilikuwa na kashata za nazi alizonitumia mama kutoka Tanga. Zilikuwa zimeganda kama jiwe, hazing'atiki. Unaiweka mdomoni, unaipigia funda la chai, unasubiri nazi ilegee. Robo saa kwa kashata moja, na hatukuwa na haraka.

Simu wekeni mfuko wa ndani karibu na mwili, maana chaji huisha upesi kwenye baridi. Yangu ilizimika hapo hapo ziwani, na picha ya masharubu yale sina.

Usiku wa tatu mume wangu aliamka kunywa maji, akachungulia dirishani, akaja kunivuta blanketi. Nilitoka na koti juu ya gauni la kulalia na khanga kichwani. Kijani ilitanda kutoka mlima hadi mlima, ikajikunja, ikanyooka, chini yake pakiwa na wekundu mwembamba. Ni nzuri kweli, nendeni mkaione. Nikaifungua khanga ikatufunika vichwa vyote viwili, na humo ndani, pua yake baridi shavuni pangu, akaninong'oneza kama kashata zimebaki.

Zilikuwa zimebaki mbili.