Kabla ya Darajani, pita kwa seremala

Dada uliyeuliza ununue vichezeo gani kwa watoto unaoanza kuwalea: watoto sita wa mwaka 1 hadi 4 na laki mbili mkononi, unaanza vizuri tu. Ila pesa usizimalizie Darajani, soko la mjini Zanzibar, kwenye magari ya kuchezea yanayowaka taa. Siku mbili tatu yameshanyamaza, na zile betri bapa kama kitufe ni hatari kweli: mtoto akiimeza, huweza kumuunguza koo ndani ya saa 2.

Nenda kwa seremala, muombe mabaki ya mbao, ayakate vipande na kuvipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzi. Usivipake rangi. Kwangu ndivyo vinavyogombaniwa mwaka wa tano huu: leo nyumba, kesho dau, keshokutwa sahani za biriani. Ongeza vifuu vilivyoparuzwa vizuri na beseni la mchanga. La maji pia wanalipenda mno, lakini usibanduke hapo, na limwage wakimaliza tu. Mtoto mdogo huzama hata kwenye maji kidogo.

Komwe za bao ziweke juu kabisa. Chochote kinachopita ndani ya lile bomba la karatasi la tishu ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3.

Pesa ikibaki, chukua mkeka mpana wa ukili na mipira miwili inayofanana, maana mmoja ni ugomvi. Halafu nusu ya vitu vifiche kwenye pakacha, ubadilishe kila wiki. Mimi nilipovimwaga vyote pamoja, walirushiana tu, hakuna aliyecheza.